Mkojo wa usiku, sukari na maji ya bamia

*Shikamoo daktari. Baba ana miaka 63, anaamka mara nne usiku kwenda kukojoa. Jirani anasema ni sukari. Ni kweli?*

Marahaba. Yawezekana, lakini dalili hiyo peke yake haitoshi. Sukari ya damu ikipita takriban 10 (mmol/L), figo hushindwa kuirudisha yote. Hutoka na mkojo na kuvuta maji. Mgonjwa hukojoa mkojo mwingi, usiku na mchana, huku kiu haikatiki. Kama mkojo wa baba unatoka kidogo kidogo, tena kwa kusukuma, tezi dume ichunguzwe. Kama jioni anameza dawa ya presha ya kukojoza, amuulize aliyemwandikia kama aihamishie asubuhi. Apimwe damu na mkojo, na asijinyime maji.

*Sisimizi hawaji kwenye mkojo wangu. Niko salama?*

Hapana. Mtu anaweza kuamka na sukari ya 8 kabla hajala, ambayo ni ya kisukari, na mkojo usiwe na sukari hata chembe. Kapime damu ukiwa hujala kwa saa 8. Ikisoma 7.0 au zaidi na huna dalili, kipimo hurudiwa siku nyingine.

*Mtoto wa dada yangu anachoma insulini. Mama yake ameuziwa unga wa mlonge na kuambiwa maji ya bamia yanamaliza kisukari kwa siku 21. Anataka kumwachisha sindano.*

Nakuomba, mzuie dada yako leo. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza kongosho lake limeacha kutengeneza insulini, na hakuna jani wala mbegu inayoirudisha. Akikosa sindano, mwili huunguza mafuta na damu hujaa asidi. Atatapika, atahema kwa nguvu, pumzi itanuka kama matunda yaliyoiva sana, kisha atapoteza fahamu. Hayo huja ndani ya siku chache, pengine saa tu. Kabla ya insulini kuanza kutumika mwaka 1922, watoto hawa walikuwa wakifa karibu wote. Ukiziona dalili hizo, mkimbizeni hospitali.

Bamia na mlonge ni mboga nzuri, ale. Ninachokasirikia ni biashara ya kumtisha mama kwa sindano ili anunue unga. Muuzaji akikuonyesha kipimo kilichoshuka, muulize: mgonjwa alikuwa ameacha soda? Alikuwa bado anameza dawa za hospitali? Isitoshe, maabara za nchi mbalimbali zimewahi kukuta glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, ndani ya dawa zinazoitwa za asili. Sukari inashuka kweli, ila hakuna anayejua dozi.

*Natumia glibenklamidi. Naweza kunywa juisi ya karela, ile mboga chungu, kila asubuhi?*

Karela ya kupika haina neno. Juisi ya kila siku juu ya dawa hiyo inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Ukitetemeka na kutoka jasho jembamba, pima. Ikiwa chini ya 4, au huna kipimo, kunywa nusu glasi ya soda yenye sukari, upime tena baada ya dakika 15. Ikipanda, kula chakula, kisha umwambie daktari wako kuhusu hiyo juisi.