Kumpandisha mama Pavagadh: Navratri, ngazi na kisa cha mfalme Patai

SWALI: Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nasoma chuo Vadodara, jimbo la Gujarat, India. Mama anakuja kunitembelea mwezi wa kumi na anatamani kuliona hekalu la Kalika Mata, mungu wa kike wa Wahindu, juu ya mlima Pavagadh, kwa sababu jirani yetu Mhindu kule Dar humsimulia habari zake kila mara. Ana miaka 60 na magoti yanamsumbua. Sisi si Wahindu. Tutaruhusiwa kuingia? Twende wakati wa Navratri, ile sikukuu yao ya siku tisa, au tungoje ipite? Na hicho kisa cha mfalme aliyelaaniwa kikoje?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la tarehe, maana ndilo linaloamua mengine yote: usimpandishe mama mlimani ndani ya zile siku tisa za Navratri. Kazi yangu ni kupangia watu safari za Gujarat, na mtu mwenye magoti mabovu simpeleki Pavagadh siku hizo hata akinibembeleza. Umati ni mkubwa mno, foleni ni ya saa nyingi, tena ya kusimama, na ngazini mtu hana nafasi ya kupumzika bila kusukumwa. Siku ya nane ndiyo nzito kupita zote.

Navratri kubwa ni mbili kwa mwaka: ya Chaitra, mwezi wa tatu au wa nne, na ya Aso, mwezi wa tisa au wa kumi. Zote hufuata mwezi mwandamo, ila hazizunguki mwaka mzima kama Ramadhani. Kalenda ya Kihindu huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka mitatu hivi, kwa hiyo ya Aso haitoki kwenye Septemba na Oktoba. Tazama kalenda ya mwaka huo, kisha panda wiki inayofuata, siku ya kazi, asubuhi na mapema. Jumapili iache. Kama mama atakuwa amefika Navratri ikiendelea, mpeleke usiku kwenye garba, ngoma za Navratri, hapo hapo Vadodara. Ni mji unaosifika kwa ngoma hizo, na ataziona kwa raha kuliko kubanwa mlimani.

Sasa njia. Kutoka Vadodara ni kama kilomita 50, mnapitia Halol. Chini ya mlima ndipo ulipo mji wa kale wa Champaner. Mnapanda basi hadi Machi, kijiji kilicho katikati ya mlima. Siku za Navratri magari binafsi huzuiwa kufika huko, mabasi ya serikali ndiyo hubeba watu. Machi ndipo kilipo kituo cha Udan Khatola, vile vigari vinavyoning'inia kwenye waya, vinavyofanya kazi tangu 1986. Safari yenyewe ni dakika chache tu, lakini hapo ndipo wageni wengi wanapokosea hesabu: waya haukufikishi mlangoni pa hekalu. Ukishuka bado kuna ngazi zaidi ya 200. Mama apande kidogo kidogo, ashike reli ya pembeni, na mpumzike kila anapotaka.

Huenda umesikia ajali ya Septemba 2025 iliyoua watu sita. Ule ulikuwa waya wa kubebea vifaa vya ujenzi, si huu wa abiria. Hata hivyo, upepo ukivuma kwa nguvu huduma ya abiria husimamishwa, kwa hiyo asubuhi hiyo ulizeni kabla ya kutoka Vadodara. Waya ukisimama, ahirisheni. Kutoka Machi kwenda juu kwa miguu si safari ya magoti ya mama.

Kuhusu dini yenu, ondoeni hofu. Watu wa dini nyingine wamekuwa wakipanda mlima huu kwa vizazi na vizazi, na utaona sababu hapa chini. Vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, vueni viatu, na simu ikae mfukoni mnapofika mbele ya sanamu. Ndani mtamwona Kalika Mata katikati, kichwa chake chekundu chenye macho makubwa, na miungu wengine wa kike pembeni, Mahakali upande mmoja na Bahuchara upande mwingine. Waumini husema kidole cha mguu wa kulia wa Sati, mke wa mungu Shiva, kiliangukia hapa mwili wake ulipokatika vipande. Ndiyo maana mlima mzima ni mtakatifu kwao.

Mkitaka kupeleka sadaka, wauzaji wa njiani wana nazi na kitambaa chekundu chenye nakshi za dhahabu. Mwaka 2023 bodi ya hekalu ilitangaza kuzuia nazi zilizofuliwa, basi chukueni yenye makumbi yake.

Kile kisa ni hiki. Siku moja ya Navratri, Kalika Mata alijigeuza mwanamke wa kawaida akashuka kucheza garba na wanawake wa mji. Mfalme Jaysinh wa Champaner, aliyejulikana kama Patai, akamtamani, akamshika pindo la sari. Kalika Mata akamwonya. Akang'ang'ania. Ndipo akamlaani kwamba ufalme wake utaanguka. Historia inasema sultani Mahmud Begada wa Gujarat aliizingira ngome ya mfalme huyo kwa zaidi ya mwaka akaiteka Novemba 1484, kisha akaifanya Champaner makao yake makuu. Mimi nakipenda kisa hiki kwa sababu hakimtupii lawama adui. Ufalme ulipotea siku mfalme aliposhindwa kumheshimu mwanamke. Kimo katika nyimbo za garba, na bila shaka ndicho anachosimulia jirani yenu.

Baada ya hapo hekalu lilikaa karne tano bila kilele cha paa lake. Juu yake palikuwa na dargah, yaani kaburi linalozuriwa, ya Sadan Shah, walii wa Kiislamu, na mahujaji wa dini zote mbili walipanda ngazi zile zile. Miaka ya karibuni dargah ilihamishiwa pembeni kwa makubaliano, kilele kikajengwa upya, na tarehe 18 Juni 2022 Waziri Mkuu Narendra Modi akapandisha bendera juu yake.

Mkishuka, msikimbilie basi. Champaner na Pavagadh ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2004, na Jami Masjid ya chini, yenye minara miwili mirefu na nakshi za mawe zilizochongwa na mafundi wa Kigujarati, ni tambarare na haina kazi kwa magoti. Mgeni hulipa kiingilio kikubwa kuliko raia, basi wewe beba kitambulisho chako cha chuo na mama pasipoti yake, na mfike kabla jua la saa sita halijawa kali.