Sauti ya Claudia Cardinale ni ipi?

SWALI: Nimeangalia filamu kadhaa za zamani za Kiitaliano za mwigizaji Claudia Cardinale. Kwenye moja sauti yake ni nyororo, kwenye nyingine nzito na yenye mkwaruzo, tena midomo haiendani na maneno. Nakala zangu ni mbovu? Na ni kweli alizaliwa Afrika? Msomaji, Tanga.

JIBU: Nakala zako ni nzima. Sauti nzito ndiyo yake. Ile nyororo ni ya mtu mwingine.

Ndiyo, alizaliwa Tunis mwaka 1938, katika familia yenye asili ya Sicilia, kisiwa cha Italia, Tunisia ikiwa bado chini ya Ufaransa. Alikua akisema Kifaransa, Kisicilia na Kiarabu cha Tunisia. Kiitaliano sanifu alijifunza ukubwani. Mwaka 1957 alishinda shindano la Mwitalia mrembo kuliko wote nchini Tunisia, akazawadiwa safari ya tamasha la filamu la Venice. Huko ndiko watayarishaji walikomwona. Filamu zikaanza kabla lugha haijakaa sawa, basi maneno yake yakasemwa na waigizaji wengine studioni.

Wala halikuwa jambo la ajabu. Waitaliano wa enzi hizo walipiga picha kwanza, sauti wakaiweka baadaye. Mkanda ulikatwa vipande vifupi, kila kipande kikaungwa ncha kwa ncha kuwa duara ili kijirudie kwenye skrini, na msemaji akarudia mstari wake mpaka uangukie mdomoni. (Usichanganye na madijei wa vibanda umiza, wanaosimulia juu ya sauti iliyopo. Hapa sauti ya awali inafutwa kabisa.) Faida yake ni kwamba kelele za barabarani hazikuharibu kazi, na waigizaji wa lugha tofauti waliweza kucheza pamoja. Katika filamu ya Il Gattopardo, Mmarekani Burt Lancaster alisema Kiingereza na Mfaransa Alain Delon Kifaransa.

Filamu hiyo ya mwongozaji Visconti na ile ya Fellini iitwayo 8½ zote zilitoka mwaka 1963, na Cardinale alizicheza kwa wakati mmoja. Visconti alimtaka na nywele nyeusi, Fellini alizitaka za rangi nyepesi, ikawa ni kupaka rangi na kupaka tena. Katika 8½ ndipo Fellini alipomwachia sauti yake mwenyewe. Lakini hata hiyo ilirekodiwa baada ya picha, ndiyo maana midomo bado inaweza kukupiga chenga.

Ukitaka kuhakikisha, tazama herufi p, b na m: midomo lazima ifunge. Ikibaki wazi, maneno yameingizwa. Sikiliza pia mandhari ya nje. Mtu yuko kwenye upepo, lakini sauti yake ni ya chumbani.

Il Gattopardo itafute kwa Kiitaliano chenye manukuu, nakala inayozidi saa tatu. Ile ya dakika 161 ilipunguzwa kwa ajili ya Marekani. Humo utamsikia Lancaster kwa sauti yake, ila utakosa sehemu nzuri za filamu.