Video za sayansi: zisimamishe kabla ya jibu

Mwalimu mwenzangu wa Kisauni, nimekuelewa: wanafunzi wako hutulia tuli wakitazama video ya dakika sita kuhusu densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi kinayochukua, lakini kesho yake ukiwauliza kwa nini meli huelea, hawana jibu. Hayo yamenipata pia. Nilichogundua ni kwamba video iliyonyooka mno humfanya mtoto adhani ameelewa, kwa kuwa hapati nafasi ya kukosea.

Isimamishe kabla jibu halijatolewa, kila mmoja aandike anachotarajia, ndipo uendelee. Kisha weka yai bichi, lisilokaa siku nyingi, katika bilauri ya maji ya mfereji, nalo litazama. Koroga chumvi, kijiko cha chai kimoja kimoja hadi kama sita, nalo litapanda polepole mpaka lielee. Leta pia maji ya bahari kutoka Nyali. Wengi watasema yai litaelea, kumbe hubaki chini, kwa sababu lita moja ya maji hayo ina takriban gramu 35 tu za chumvi. Mjadala unaozuka hapo ndio somo lenyewe, na kutoka hapo ni rahisi kuwauliza kuhusu feri ya Likoni, iliyo ya chuma lakini ndani ina nafasi kubwa ya hewa.

Kwa video za hesabu, wakokotoe daftarini kabla ya kuonyeshwa hatua inayofuata.

Itazame video yote mwenyewe kwanza, kwani nyingine zina makosa, na uipakue mapema. Ukimwona mtoto anakaza macho kila mara, tafadhali mshauri mzazi ampeleke kwa daktari wa macho.