Wasomaji Wanauliza: Programu Zinazojizalisha

Nina steshenari karibu na chuo. Flashi za wateja zikichomekwa kwangu, folda zote zinageuka shotikati. Nimefomati flashi yangu lakini baada ya dakika inarudi vilevile. Sasa kuna mwanafunzi anadai nimemfutia tafiti yake yote. Nifanyeje? — Mwenye steshenari, Ng'ong'ona, Dodoma

Mwambie huyo mwanafunzi asifomati flashi. Kwa kawaida kirusi cha aina hii hakifuti kazi ya mtu, kinaificha tu.

Chenyewe ni faili dogo, mara nyingi lenye mwisho wa .vbs au .js. Kikiingia kwenye flashi kinazipa folda zako alama ya kufichwa na alama ya mfumo, kisha kinaweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya shotikati, kwanza inaendesha kirusi, halafu inakufungulia folda yako halisi ili usishtuke. Kirusi kinaacha nakala kwenye kompyuta, na nakala hiyo inakaa kusubiri flashi inayofuata. Ndiyo maana kufomati hakukusaidii: mgonjwa ni kompyuta yako. Na tangu Windows 7, flashi ikichomekwa haiendeshi programu yoyote yenyewe. Mbofyo wa mteja ndio unaokiamsha.

Anza na kompyuta. Chomoa flashi zote, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, tafuta wscript.exe (programu ya Windows inayoendesha mafaili ya .vbs na .js) uizime. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, na ukikuta humo faili la .vbs, .js au shotikati usiyoijua, lifute. Virusi vingine hujificha mahali pengine, kwa hiyo pitisha antivirusi kompyuta nzima, izime na uiwashe upya. Hapo ndipo uchomeke flashi, bila kubofya kitu ndani yake. Fungua cmd (dirisha la amri la Windows), na kama flashi imepewa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
del E:\*.lnk

Amri ya kwanza inafichua folda, ya pili inafuta shotikati. Angalia herufi mara mbili kabla ya kubonyeza Enter: ukiandika C badala ya E utafichua mafaili ya mfumo ambayo hayatakiwi kuguswa. Wakati mwingine kazi zote zinakuwa zimesukumwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Baada ya attrib utaiona. Futa na lile faili la .vbs, nakili kazi za mteja mahali salama, ndipo ufomati.

Kwa siku zijazo, pokea kazi kwa barua pepe au WhatsApp inapowezekana. Flashi yako ya programu iwe ile yenye swichi ya kuzuia kuandikiwa. Zinapatikana kwa shida, ila kwa biashara kama yako zinalipa.

Mhadhiri ametupa zoezi la Python: programu ichapishe msimbo wake wote, bila kusoma faili lake. Nikiandika print, ndani yake natakiwa niandike print nyingine, na ndani ya hiyo nyingine tena. Haina mwisho! — Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma

Mwisho upo, na aliyeuonyesha ni mwanahisabati John von Neumann mwishoni mwa miaka ya 1940, alipojiuliza kama mashine inaweza kujenga mashine iliyo sawa na yenyewe. Jibu lake: mashine isijaribu kujichungulia. Ibebe maelezo yake, na iyatumie mara mbili. Mara ya kwanza iyafuate kama maagizo, mara ya pili iyanakili kama maandishi matupu bila kuyafuata. Muundo wa DNA ulijulikana mwaka 1953, na chembe hai nayo ikaonekana kufanya hivyohivyo.

Kwa Python ni mistari miwili:

s = 's = %r\nprint(s %% s)'
print(s % s)

Hapo s ndiyo maelezo. Kama kiolezo inafuatwa, na kwenye %r inabandikwa kama ilivyo pamoja na alama zake za nukuu.

Wengi wanakwama kwenye vitu vidogo. Ukitumia nukuu pacha badala ya moja, Python itachapisha nukuu moja na nakala haitafanana. Ukisahau kurudia %, utapata kosa kwamba hoja hazitoshi, kwa sababu "% s" nayo inasomwa kama nafasi ya kujazwa. Ukiongeza mstari wa maoni juu, nakala itazaliwa bila huo mstari.

Usipime kwa macho. Hifadhi programu kwa jina q.py. Kwenye cmd andika python q.py > q2.py, kisha linganisha mafaili hayo mawili kwa fc q.py q2.py. Usitumie PowerShell ya zamani (dirisha jingine la amri la Windows) kwa kazi hii: alama yake ya > inabadilisha usimbaji wa herufi, utapoteza jioni nzima ukitafuta kosa lisilokuwepo.

Klabu yetu ya TEHAMA ina wanafunzi 40 na kompyuta mbili. Kuna njia ya kuwaonyesha umbo linalojizalisha bila kompyuta? — Mwalimu, Mpwapwa

Ipo, Mwalimu. Wengi wangekupa Life, mchezo wa John Conway wa mwaka 1970 ambamo miraba huzaliwa na kufa kizazi hadi kizazi kufuatana na majirani zake, lakini humo umbo la kujijenga upya ni kubwa mno: Gemini, lililotengenezwa mwaka 2010, linahitaji vizazi zaidi ya milioni 33 kumaliza mzunguko mmoja. Tumia kanuni ya Edward Fredkin.

Chora kwa chaki sakafuni miraba 12 kwa 12, kila upande sentimita 4, na kusanya vizibo 60 vya soda. Weka vitatu katikati vikiwa na umbo la L, meno chini. Kanuni: hesabu majirani wanne wa kila mraba, juu, chini, kulia na kushoto. Idadi ya majirani wenye kizibo ikiwa witiri, mraba utakuwa hai, yaani na kizibo. Ikiwa shufwa au sifuri, utakuwa mtupu. Mraba wenyewe hauhesabiwi.

Kosa linaloharibu kila kitu ni kuondoa vizibo kabla ya kumaliza kuhesabu. Kwa hiyo anayezaliwa muwekee kizibo meno juu, anayekufa mbebeshe kizibo cha pili mgongoni. Wa meno juu hahesabiwi bado; aliyebebeshwa bado anahesabiwa. Mkishamaliza miraba yote, ondoeni waliokufa na mgeuze waliozaliwa.

Kizazi cha kwanza kitakuwa na vizibo 8, na wanafunzi watasema mmekosea. Cha pili kitakuwa na 12: L nne kamili. Cha tatu 24, vurugu tena. Cha nne 12, L nne zilizosogea mbali zaidi.

Mwanafunzi mkali atapinga kwamba L haijafanya kazi yoyote, kanuni ndiyo iliyonakili, maana hata umbo lingine lolote lingezaliana. Mpe haki yake. Ndiyo sababu mwaka 1984 Christopher Langton alitengeneza kitanzi cha seli (miraba) 86 kinachobeba maagizo yake chenyewe.

Hawa "viumbe" wa kwenye kompyuta hawawezi kutoroka? — Msomaji, Manyoni

Wa Tierra, programu ya Tom Ray ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ambamo vijiprogramu hujinakili vyenyewe, hawawezi. Wa kwanza alikuwa na maagizo 80, na baadaye wakazuka vimelea wa maagizo 45 waliotumia msimbo wa kujinakili wa jirani. Lakini lugha yao inaeleweka ndani ya kompyuta ya kubuni tu. Kwa prosesa yako ni data isiyo na maana.

Hatari ni programu iliyoandikwa kwa lugha ya mashine halisi. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Robert Morris, yaani programu inayojinakili kutoka kompyuta hadi kompyuta, uliachiwa kwenye intaneti. Ulikuwa ukiuliza kwanza kama kompyuta tayari ina nakala, ila mara moja katika saba ulibaki hata ukijibiwa ndiyo, ili asiwepo mtu wa kuudanganya. Uwiano huo ulikuwa mkubwa mno. Nakala zilirundikana hadi mashine zikashindwa kufanya kazi nyingine.