Ngiri ilishonwa, ikarudi. Je, wavu utadumu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi mwashi, nina miaka 47, naishi Tanga. Mwaka 2011 nilipasuliwa ngiri ya kinena upande wa kulia. Walishona tu, hawakuweka kitu. Mwaka jana uvimbe umerudi palepale. Nimeambiwa nipasuliwe tena niwekewe wavu. Wenzangu kazini wanasema wavu unaoza mwilini, unamaliza nguvu za kiume, na eti baada ya miaka kumi lazima utolewe. Naomba ukweli. Unadumu? Na nitabeba saruji tena?

JIBU: Marahaba, fundi. Tuanze na ile ya 2011, maana naona unadhani ulifanyiwa kazi mbovu. Si lazima iwe hivyo. Ngiri ni tundu kwenye ukuta wa tumbo, na zamani dawa yake ilikuwa kuvuta kingo za tundu zikutane, kisha kuzishona. Edoardo Bassini wa Padua, Italia, ndiye aliyeupa upasuaji huo umbo lake katika miaka ya 1880, na kwa karibu miaka mia dunia iliutegemea. Shida yake ni kwamba kingo zilizovutwa hazitulii. Ukikohoa, ukijikamua chooni, ukiinua tofali, zinavutana, na uzi unaikata nyama polepole. Ndiyo maana ngiri inaweza kukaa kimya miaka mingi halafu ikachungulia. Iko hospitali Kanada, Shouldice, ambayo mpaka leo inashona bila wavu na inapata matokeo mazuri, ila wale kazi yao ni ngiri asubuhi hadi jioni.

Wavu unafanya kazi kwa njia ambayo wewe unaijua kuliko mimi. Pale nguzo ya zege inapokutana na ukuta wa tofali, unapigilia waya wa kuku kabla ya lipu, kwa sababu bila huo waya ufa utatokea palepale. Lipu inapenya kwenye matundu, inashika. Mwilini ni vivyo hivyo: nyama changa inaota kupitia matundu ya wavu, na baada ya miezi michache wavu na ukuta vimekuwa kitu kimoja. Mara nyingi umefumwa kwa polipropilini, plastiki ya jamii ileile ya viroba. Hauozi, na hauna tarehe ya kutolewa. Unatolewa tu ukiingia usaha usiokubali dawa, au ukisababisha maumivu yasiyovumilika, na hao ni wachache.

Kuhusu kudumu, Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa kwa miaka kumi. Walioshonwa bila wavu, ngiri ilirudi kwa 17 katika kila 100. Waliowekewa wavu, kwa 1. Usichukue hiyo 1 kama ahadi, maana kwingine huwa ni 2, 3, hata zaidi, kutegemea mkono wa mpasuaji. Nikiona ngiri iliyorudi juu ya wavu, mara nyingi imepenya pembeni, karibu na mfupa wa kinena, kwa kuwa wavu ulikatwa mdogo au haukupita mfupa vya kutosha. Wavu hunywea kidogo ukishakaa. Anayeukata sawasawa na tundu amekwisha kosea.

Kama wasiwasi ni bei, jirani zetu wa Uganda walishalijaribu hilo. Katika utafiti wa mashariki mwa nchi uliotolewa mwaka 2016, wanaume 302 waligawanywa: baadhi wavu wa kiwandani wa bei ghali, wengine kitambaa cha chandarua kilichotakaswa. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu wa upande wa chandarua, na kwa wale wengine hakuna. (Naomba mtu asikate chandarua cha kitandani akanipelekee thieta. Kile kilichaguliwa na kutakaswa kitaalamu.)

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, na karibu hakuna anayeliuliza: maumivu. Kila mtu anaogopa ngiri kurudi, kumbe siku hizi kinachowasumbua wengi zaidi ni maumivu ya kinena yanayopita miezi mitatu. Ni kama mmoja katika kila kumi. Wengi wao ni kuvutwa tu wakiinama au wakishuka ngazi, na hupungua mwaka hadi mwaka. Wachache wanashindwa kazi. Chanzo kikubwa ni mishipa mitatu midogo ya fahamu inayopita pale pale tunapokata, ambayo hunaswa na uzi au kovu. Kwa ngiri ya mara ya pili hatari inaongezeka, kwa sababu kovu la kwanza limeshaficha kila kitu. Kwa hiyo muulize mpasuaji wako: umeshapasua ngiri ngapi zilizorudi? Mishipa ya fahamu unaitafuta uione, au unapita tu? Mpasuaji mzuri hachukii swali hilo. Kipande cha ngozi kufa ganzi chini ya kovu ni kawaida, usikihesabu.

Nguvu za kiume: wavu hauzigusi. Mishipa inayosimamisha uume haipiti hapo. Kinachopita ni mrija wa mbegu na damu ya korodani, na korodani kusinyaa hutokea kwa chini ya mmoja katika mia kwenye upasuaji wa kwanza, zaidi kidogo kwenye wa pili. Wachache husikia maumivu wakati wa kufika kileleni. Hizo dawa za mitishamba za "kumaliza ngiri na kurudisha heshima ya ndoa" ziache. Tundu halizibwi kwa kunywa.

Saruji utabeba. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 unamruhusu mgonjwa kurudia shughuli mara anapojisikia vizuri. Mimi ni mwoga zaidi: kwa mfuko wa kilo 50 na ngiri ya pili, ningekupa wiki sita. Wiki ya pili au ya tatu utapapasa chini ya mshono na kukuta kitu kigumu kama kamba. Wagonjwa wanakuja mbio wakidhani imerudi. Simama, weka kiganja, kohoa. Kama hakisukumi mkono, mara nyingi ni kovu linakomaa au maji yaliyojikusanya, ila mwonyeshe daktari kwenye kliniki yako.

Kabla ya siku ya upasuaji, kikohozi cha vumbi la saruji kitibiwe, sigara iachwe, na kama unajikamua ili mkojo utoke, tezi dume ikaguliwe kwanza. Ukiwa unasubiri, uvimbe ukikakamaa, ukauma, ukakataa kurudi ndani na ukaanza kutapika, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Na karatasi ya ruhusa ya 2011, kama ungali nayo, nenda nayo. Nilichoandika hapa kinategemea neno lako kwamba walishona tu, na wagonjwa wengi huambiwa hivyo na mtu aliyekuwa nje ya chumba cha upasuaji.