Ukikabidhiwa maboksi ya negativu

Ukianza kazi katika studio kongwe ya Kisumu au Nakuru, huenda ukatumwa kufagia stoo na kuambiwa uchome maboksi ya negativu, yaani filamu ambazo picha za zamani zilisafishwa kutoka kwazo, kwa sababu yanajaza nafasi. Mwombe mwenye studio muda kwanza.

Usianze kwa kuchagua zinazopendeza. Vijana wengi humtoa mwenye suruali pana na nywele za afro, wakamweka mtandaoni na maneno "miaka ya sabini", basi. Picha moja hudanganya. Koti, tai, saa, redio: mara nyingi vilikuwa mali ya studio. Pitisha roli nzima ya filamu kwenye mwanga utaliona koti lilelile mabegani mwa karani, mvuvi na mwanafunzi. Kwa hiyo redio iliyo mezani haithibitishi kwamba nyumbani kwao palikuwa na redio. Inaonyesha mtu alitaka aonekane nani, na kwangu hiyo ni habari nzito kuliko orodha ya mali.

Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, alikuwa na vifaa hivyo vya wateja kupigia picha, hata gari. Pazia la nyuma alilibadilisha kila baada ya miaka michache, na baadaye mapazia hayo yakamsaidia kukadiria picha ni za lini. Nawe panga kwa pazia kabla ya kupanga kwa sura. Na usivuruge mfuatano: filamu pana iitwayo 120, kwenye kamera ya picha za mraba za 6×6 (sentimita), hutoa picha 12 tu, kwa hiyo waliomo roli moja huenda walipishana mlangoni.

Ukiskani negativu ya pasipoti, chukua fremu yote. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, studio moja ilikuwa ikipiga picha kubwa kisha inakata uso tu kwa ajili ya kitambulisho. Mabaki hayo, watu wasio na vichwa, yalikusanywa na mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo, na koti la kuazima limo humo tena na tena. Kwetu pia utakuta juu suti, chini ndara. Usizikate ndara.

Negativu zinazonuka siki zinaoza. Zitenge, maana mvuke wake huziharibu nyingine, na unyevu na joto la Kisumu havizisaidii. Bahasha za karatasi ni bora kuliko mifuko ya plastiki. Maandishi ya bahasha ya zamani yapige picha pande zote mbili kabla ya kuibadilisha.

Kabla ya kuchapisha sura ya mtu anayetambulika, tafuta ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipo, na adabu ilikuwepo kabla yake. Mama akija kutafuta picha ya marehemu mumewe, usimbane na mwaka. Muulize, "Mama, wakati huo ulikuwa unanyonyesha nani?" Hapo atakutajia mtoto, shule, pengine hata aliyeshona ile gauni.

Na faili zako za leo ziandike vivyo hivyo. Joho la mahafali ukimkodishia mteja, weka kwenye maelezo kwamba ni la studio. Viatu, kama ni vyake alivyonunua mitumba soko la Kibuye, viandike pia.