Waelimishaji rika chuoni, kazi inaanzia kwenye kuchagua

Dada pole na majukumu, nimekusoma vizuri: waelimishaji rika wenu, yaani wanafunzi wa kuwashauri wenzao mambo ya afya ya uzazi na ukimwi, mliwapa semina ya siku mbili na tisheti, sasa hivi hakuna mwanafunzi anayewafuata. Usiwalaumu hao vijana. Mara nyingi tunachukua viongozi wa serikali ya wanafunzi, wakati mwenye shida ya mimba au gono anamfuata yule rafiki msiri wa hosteli, kwahiyo waulize wanafunzi wenyewe kwa karatasi bila kuandika jina lao, "ukipata tatizo unamwambia nani?", majina yanayojirudia ndo hao, wa kike kwa wa kiume.

Kwenye mafunzo punguza slaidi. Wafanye igizo, mmoja anakuja analia kondomu imepasuka jana usiku, mwenzake amsikilize bila kumhukumu na ajue cha kumwambia: dawa za PEP, zile za kuzuia VVU baada ya kuwa hatarini, zinaanzwa ndani ya saa 72 na mapema ndo bora zaidi, sio asubiri wikiendi iishe. Rudieni mpaka waache kuhubiri. Baada ya hapo kaa nao mara kwa mara maana wanabeba mazito ya watu na wao wanachoka.

Ila kuwa makini, hawa sio madaktari wala washauri nasaha. Mwelimishaji akiambiwa mtu kabakwa au anataka kujiua, asikae nayo peke yake, amsindikize kwa mtaalamu siku hiyohiyo, na namba ya nesi wa chuo na ya dawati la jinsia polisi ziwe kwenye simu yake. Hilo wafundishe siku ya kwanza kabisa, kabla hata hujagusa ukimwi.